Bei Iliyokubaliwa Upesi

Siku ya kwanza niliporudi soko la Bumula baada ya kuugua, nilimwinua jogoo mwekundu kwa mabawa, nikampima kwa mkono kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote, nikauliza bei. Mwenye jogoo alikuwa mama mzee wa pale ambaye soko zima lilimwita Kukhu, yaani nyanya, hata watu waliokuwa na mvi kumzidi. Akasema mia mbili na hamsini. Nikamwambia mia na themanini, nikakunja uso, nikaanza kugeuka, maana ndivyo inavyofanywa: unataja bei, unageuka, unaitwa, unatukanwa, unarudi.

"Sawa," akasema. "Chukua."

Mguu mmoja ulikuwa umeshaondoka. Ikabidi niurudishe.

"Sawa nini?"

"Mia na themanini. Si wewe ndiye umesema?"

"Ni mimi."

"Basi rete pesa."

Nikahesabu pesa mara mbili, nikampa. Akazitia kifuani bila hata kuzitazama, akageukia mteja mwingine. Nikabaki nimeshika jogoo kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ashike kidogo, na mwenyewe haonekani kurudi.

Asiyefanya biashara hii hawezi kujua jinsi neno "sawa" linavyouma. Mimi na Kukhu tulikuwa tumeuziana kuku miaka mingi, yeye akiniuzia Bumula, mimi nikiwapeleka kuwauza Kitale. Alikuwa ameniita mwizi, shetani wa Kitale, mtoto wa watu wa pesa ambaye hata siku ya kufa atauliza bei ya jeneza kwa maduka mawili. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Central, ambako watu husemwa kupenda pesa, wakiwa vijana, na kwa Kukhu hilo lilieleza kila kitu. Mimi nami nilikuwa nimemwambia kuwa kuku wake walikufa zamani, ni vile tu hakuna aliyewaambia. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Tulikuwa tunaanza asubuhi, na jua likipanda tunakuwa tumefika bei ambayo kila mmoja wetu aliijua tangu mwanzo.

Sasa amesema sawa, chukua. Nikajiangalia. Gauni lilikuwa linaning'inia mabegani kama limeanikwa. Nikaelewa, ama nikadhani nimeelewa. Mtu habishani bei na maiti.

Nilikuwa nimeugua kifua kikuu. Miaka ile, mtu akikonda hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Walikuwa wameshajijibu wenyewe, na jibu lao lilikuwa moja tu, ule ugonjwa usiotajwa jina. Ukisema ni kifua, wanaitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, "kifua, ndiyo, kifua," kama unavyomkubalia mlevi anayesema amekunywa soda. Pale Kitale tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za mabati za kupanga, mlango kwa mlango, kamba moja ya nguo. Wiki ya pili ya kukohoa, nguo za majirani zikahama kamba. Jirani niliyekuwa nikinywa naye chai kila jioni akanirudishia sufuria yangu niliyokuwa nimemwazima. Aliiweka nje ya mlango, akabisha, na nilipofungua alikuwa ameshafika kwake. Sufuria ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Sikuwahi kuiona safi namna ile, na sikuwahi kuichukia sufuria kabla ya hapo.

Watoto wetu wawili tukawapeleka kwa mama yangu Kiminini wasije wakaambukizwa. Nyumba ikabaki na mimi, mume wangu, na kikombe changu ambacho sasa kilikuwa na msumari wake peke yake ukutani.

Dawa zenyewe zilikuwa za miezi minane. Miezi ya mwanzo nilikuwa naenda kliniki kila asubuhi nimeze mbele ya sista, naye ananitazama kooni kama askari wa benki. Baadaye nikapewa za kumezea nyumbani, na kazi ya askari akaichukua mume wangu. "Umemeza?" anauliza kabla ya kutoka. Akirudi: "Ulimeza?" Nikimwambia nilimeza, anahesabu vidonge vilivyobaki. Nilimwambia mimi ndiye niliyezoea kuhesabu katika nyumba hii. Akasema amejifunza kwangu, nisilalamike.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli, chini ya kipande cha bati kando ya barabara karibu na stendi. Nilipolala, alikifunga kibanda kile akaenda Bumula kununua kuku mahali pangu. Mume wangu ni mpole, na kwenda sokoni na upole ni kama kuteka maji kwa tenga. Wateja walimpenda sana. Nani hampendi mtu anayenunua bei ya kwanza na kuuza bei ya mwisho? Jioni alikuwa anapika uji, anafua nguo zangu, na anazianika nje mchana kweupe. Wanaume wa nyumba zile za kupanga wakawa wanapita wakimcheka, kwamba mke amemlisha chapati aliyoikalia ili amtawale.

"Buda, umekaliwa chapati, bana!"

"Angekuwa na nguvu za kupika chapati," akawajibu, "ningemshukuru Mungu."

Mimi nilikuwa nasikia nikiwa ndani. Sikuwa na pumzi ya kucheka, lakini niliicheka baadaye, peke yangu, kwa awamu.

Miezi ikaisha. Daktari akatazama picha ya kifua, akaniambia nimepona, naweza kurudi kazini polepole. Hakusema polepole ni mwendo gani. Kuku hawauzwi polepole; wanakula mahindi yako, wanakonda, wanakufa. Nikamwambia pia kuwa vidole vimekufa ganzi nchani, kama nimevaa glavu ambazo siwezi kuzivua. Akasema ni dawa zile, akaniandikia vidonge vingine vidogo, akasema ganzi itatoka na wakati. Nilitaka kuuliza wakati upi, lakini nje kulikuwa na foleni na wote walikuwa wanakohoa.

Tukagawana kazi na mume wangu. Mimi niende Bumula kununua, maana faida ya kuku hupatikana siku ya kununua. Yeye auze Kitale, ili nisisimame kwenye moshi wa majiko ya hoteli. Nilikubali kwa masharti, kama kawaida yangu, ingawa sasa sikumbuki masharti yalikuwa gani. Nilichotaka ni kutoka kwenye chumba kile.

Kwa hiyo ndivyo nikawa niko Bumula, na jogoo mwekundu, na ile "sawa."

Si Kukhu peke yake. Soko lote lilikuwa limebadilika. Zamani nilikuwa nikishuka na matenga yangu, wauzaji wananiona wanaanza kunung'unika mapema: "Huyo amekuja. Fichieni zile nzuri." Sasa walikuwa wananikimbilia. Akina mama ambao hata sikuwajua walikuwa wanapenya katikati ya watu wakininyooshea kuku usoni. "Mama Kitale, angaria hii. Mama Kitale, chukua hii, niambie tu bei yako." Nikitaja bei wanakubali. Nikitaja bei ya chini kidogo, wanatazamana, wanakubali. Sikuwahi kuzungukwa na watu wengi namna ile sokoni, na sikuwahi kuwa peke yangu namna ile. Nilikuwa najaribu kuwachokoza. Nilimwambia mama mmoja kuku wake ana macho ya mwizi.

"Ni kweli, mama," akasema kwa upole. "Chukua tu."

Nilitamani mtu mmoja, mmoja tu, aniite shetani.

Wakati wa kurudi, gari lilikuwa likisimama Kiminini kuchukua abiria. Kutoka pale kituoni naweza kuona kona ya barabara ya kwa mama yangu. Watoto walikuwa wameandikishwa shule ya huko, tukakubaliana wamalize muhula kwanza. Kuku wako juu ya gari, jua linawapiga. Siwezi kushuka hata kidogo. Nilikuwa natazama ile kona mpaka gari liondoke. Mara moja niliona watoto wawili wenye sare wakikata kona, nikasimama nusu, halafu nikaona si wangu. Abiria wa kando yangu, mwanamke mwenye ndizi, akaniuliza kama nataka kutapika. Nikamwambia hapana. Akasogea hata hivyo.

Nyumbani, mume wangu alikuwa ananipokea matenga, anatoa kuku mmoja mmoja, anamwinua, anamweka chini.

"Wako sawa?"

"Wako sawa," anasema.

Kisha akitoka kuwauza analeta pesa kidogo. Nazihesabu. Nazihesabu tena, zinatoka zile zile, jambo ambalo kwa kawaida hunifurahisha. "Soko limelala," anasema. Wiki nyingine, soko bado limelala. Nikaanza kujiuliza ni soko gani hili linalolala kuliko mimi niliyekuwa mgonjwa. Nikajua tu wanamwibia. Mpole kama yule, mwenye hoteli anamwambia chochote naye anaitikia.

Basi siku moja alipokuwa ameenda mkutano wa kanisa, nikafunga kuku watano miguu, nikaenda mwenyewe mpaka kwenye hoteli iliyokuwa mteja wetu mkubwa. Mwenye hoteli alikuwa mtu mnene, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe wakati wa serikali iliyopita. Aliponiona akaweka kisu chini.

"Aa! Mama Kuku! Kwani uko? Sisi tuliambiwa..."

"Mliambiwa nimekufa."

"Si kufa-kufa, mama. Tuliambiwa tu uko karibu."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa mtu asiye na adabu. Nikamwekea kuku wa kwanza mezani, nikamtajia bei. Akamwinua kwa mkono mmoja, akamtikisa kidogo.

"Na hii ni kuku ama ni shati ya kuku?"

"Huyo ni kilo mbili, hata ukitoa miguu."

"Ati kilo mbili! Hii ni kilo moja na robo, na hiyo robo ni manyoya."

Nikajua sasa nimempata. Nikamwambia ndiyo maana mume wangu analeta pesa za kitoto, kumbe anauzia watu waliopoteza mkono. Hakukasirika. Alikuwa na mizani ya kupimia nyama, ile ya kuning'iniza, akamtundika kuku pale. Mshale ukashuka kidogo tu, ukasimama, ukatetemeka.

"Mizani yako imelala," nikasema.

Akachukua pakiti ya unga wa ugali kutoka rafuni, ya kilo mbili, ambayo haijafunguliwa. Akaitundika. Kilo mbili. Akaitoa akanipa.

"Shika hiyo, mama. Usiangalie. Shika tu."

Nikaishika. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Nikaihamishia mkono wa pili, ikawa nzito vile vile. Kama ingekuwa kuku, ningesema ni jogoo wa kilo tatu na zaidi, na ningemlipia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkono wangu ndio uliokuwa mizani miaka yote, na mkono ulikuwa umekonda pamoja nami. Kila kitu kilikuwa kizito kwangu: ndoo, mlango, blanketi. Sikufikiria kwamba na kuku nao. Zamani ningemgundua kuku aliyekonda kwa dole gumba, kwa kumpapasa mfupa wa kifua kama umechongoka. Lakini vidole vilikuwa na ganzi, vilipapasa manyoya wakati wote na kuniambia wote wamenona. Nilikuwa nahesabu pesa mara mbili, nahesabu kuku mara mbili, halafu napima kwa mkono wa mtu mwingine.

Mwenye hoteli alikuwa amenitazama usoni. Akaondoa ule utani.

"Mimi nilimwambia mzee wako kutoka mwanzo. Akasema nisikwambie. Akasema zikuje tu hivyo, nimpee bei yake ya shati."

Sikumwachia kuku. Niliwabeba wote watano nikarudi nao, na njia nzima walikuwa wazito.

Mume wangu alirudi akanikuta nimekaa mlangoni na kuku mmoja mapajani. Nikampa.

"Inua. Niambie."

Akainua. Alikuwa bado amevaa koti la kanisa.

"Yuko sawa."

"Inua tena. Niambie kama unamwambia mtu unayemdai."

Akamshika yule kuku muda mrefu kuliko anavyohitaji kuku yeyote kushikwa.

"Mwepesi," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu urudi sokoni."

"Wote?"

Akafikiria kwa haki kabisa. Ndivyo alivyo; hata katika kosa anataka kuwa sahihi.

"Yule mweusi wa wiki jana alikuwa sawa."

Basi nilikuwa nimepata mmoja, kwa bahati. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akakaa kwenye kizingiti kando yangu, kuku katikati yetu.

"Ulikuwa umeanza kula," akasema. "Ukitoka Bumula unakula ugali mpaka unauliza kama umebaki. Unaongea. Unaniambia nani alisema nini. Mimi ningekwambia kuku ni wepesi, ungeacha kwenda. Ungeacha kwenda, ungerudi kulala upande ule umeangalia ukuta."

Wiki zote zile nilikuwa naitafuta huruma kwa watu wa Bumula, naichunguza machoni mwao, naichukia. Kumbe ilikuwa inakaa kwangu, inavua viatu mlangoni, inainua kuku mmoja mmoja kila jioni na kuniambia wako sawa. Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ambayo huwezi kumpa mtu aliyefua shuka zako zenye damu ya kikohozi. Nikakaa nayo.

"Rudi kwa baiskeli zako," nikamwambia mwishowe.

"Unanifukuza?"

"Nakurudisha kazini. Mimi niliugua nimelala, wewe umeugua umesimama. Hakuna daktari aliyekwambia umepona, basi nakwambia mimi."

"Na kuku?"

"Kuku nitanunua mimi na nitauza mimi. Nikipata hasara nataka niione kwa macho yangu. Na kama siwezi tena, nijue siwezi."

Alikwenda ndani kuvua koti, na nilimsikia amesimama katikati ya chumba muda bila kufanya lolote, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Miezi ile yote alikuwa na kazi ya kunitazama. Sasa nilikuwa nimemwachisha kazi, na sikumpa hata kiinua mgongo.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Bumula na matenga mawili na pakiti moja ya unga, kilo mbili, haijafunguliwa. Nilimtafuta Kukhu moja kwa moja. Alikuwa amekaa kwenye gunia lake, kuku wamemzunguka miguuni.

"Kukhu," nikamwambia, "ile siku ya kwanza. Yule jogoo mwekundu. Ulinionea huruma?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama anajua kuruka.

"Huruma ya nini?"

"Nilisema mia na themanini, ukakubali."

"Wewe! Jogoo ya mia na ishirini, mtu anasema mia na themanini, nikatae? Mimi ni mjinga? Nirisema kwa roho, huyu mama ameokoka, amekuwa mkarimu." Wenzake wakaanza kucheka. "Wewe ungekuwa ni mimi, ungekataa?"

"Nisingekataa."

"Basi."

"Nilidhani mnaniona kama maiti."

"Maiti hanunui kuku." Akapangusa pua kwa leso. "Wakati ulikuwa mgonjwa, nirimpa bwana yako mayai. Trei nzima. Ariireta?"

Nikakumbuka mayai yale. Mume wangu alikuwa ameniambia ni ya mama mmoja wa soko, nami sikuuliza ni yupi. Nilikuwa nayameza tu kama dawa.

"Alileta. Nilikula."

"Huruma yangu ilikuwa hiyo. Umeikula, imeisha. Sasa unanunua ama unanizuiria wateja?"

Nikaweka tenga chini, nikatoa pakiti ya unga. Nikaiinua kwanza, macho nimefumba, nikausikiliza mkono: hivi ndivyo kilo mbili zinavyosema leo. Halafu nikainua kuku. Nikarudia unga. Nikarudia kuku. Ilichukua muda, na watu wakaanza kukusanyika.

"Ati amekuja na unga yake!"

"Mama, si ungekuja na sufuria pia? Tukupikie hapa hapa!"

"Anapima kuku na ugali! Nani ameona?"

Niliwaacha wacheke. Kuku yule alikuwa mwepesi sana kuliko unga. Nikasema tisini.

Kukhu alisimama. Aliweka mikono kiunoni, akachukua pumzi, na nikamwona anakuwa mrefu.

"Tisini! Tisini ni bei ya kifaranga! Tisini ni bei ya manyoya! Enda ununue hiyo unga yako ukaire na chumvi!"

"Mia, na nimekuongezea kumi za matusi."

"Mia na hamsini ama uondoke kwa macho yangu!"

Nikageuka. Nikatembea kama ilivyo kawaida, taratibu, sikio limebaki nyuma. Nikapita wauza vitunguu. Nikapita wauza mihogo. Nilifika kwenye kamba za ng'ombe bila kuitwa. Nikajifanya natazama ndama ili nisigeuze kichwa. Hakuna aliyeniita. Niliporudi kupitia upande mwingine, nikaona yule kuku ameshikwa na mnunuzi kutoka Mabanga, anamlipa Kukhu mia na thelathini, na Kukhu hakunitazama kabisa. Nilikuwa nimepima vizuri nikakosea bei. Ilikuwa ni kosa la kazi, la mtu mzima kabisa, na ingekuwa raha kumwambia mtu.

Wale waliokuwa wakinikimbilia na kuku zao nao walikuwa wamepotea. Habari ya unga ilikuwa imezunguka soko kabla yangu. Mwenye kuku aliyekonda aliniona akageukia upande wa pili; mwenye kuku mzuri alitaka pesa zake zote. Njia ilifunguka mbele yangu kila nilipopita, pana, safi. Zile wiki za kudanganywa nilikuwa na kundi la watu. Sasa nilikuwa naijua kazi yangu tena, angalau nusu yake, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kulaza ng'ombe kila upande.

Nilinunua wanne. Nilikuwa nimezoea kununua ishirini. Kila mmoja nilimpigania mpaka koo likakauka, na pumzi iliponikata nilishika tenga nikangoja irudi, na muuzaji naye akangoja, amekunja mikono, hakuniongezea wala kunipunguzia. Mmoja aliniambia nikitaka kufa niende nikafie mbele, nisimharibie biashara. Nilimlipa bila kuhesabu ile mara ya pili.

Jioni hiyo nilifika nyumbani kabla ya giza. Mume wangu alikuwa amefungua kibanda chake siku nzima. Mikono ilikuwa nyeusi mpaka viwikoni, na alikuwa amekuja na gurudumu la mtu nyumbani kulimalizia. Alinisaidia kushusha tenga mlangoni, akarudi kukaa kwenye kigoda chake. Nikasimama pale. Nilikuwa nangoja atoe kuku mmoja mmoja. Alikuwa anaingiza chuma chini ya tairi, analibandua taratibu.

"Hutaki kuwaona?"

"Umewapima?"

"Nimewapima."

"Basi," akasema, akaivuta tyubu nje.

Nikawafunga kuku mwenyewe, nikawapa maji. Mabega yalikuwa yananiuma, nyayo zinawaka moto. Ilinichukua muda kutambua ni nini, kwa sababu ulikuwa umepita mwaka mzima bila mimi kuupata: ulikuwa uchovu wa kazi, si wa ugonjwa. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na nilitaka kumweleza mume wangu ile tofauti. Nikatoka mpaka pale alipokuwa. Alikuwa amepuliza tyubu ikajaa, ameileta karibu na sikio, amefumba macho, anasikiliza upepo unatorokea wapi. Nikangoja amalize.